Nyumba Nzuri Ilikuja Mwisho

Maneno ya wajumbe wetu wawili mbele ya mkutano mkuu, Baraka, baada ya kurudi kutoka Hispania. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika na wafadhili wetu walio mbali.

 

Tangu turudi, kila mtu anatuuliza swali moja: "Banasema mulipelekwa kwa nyumba ya pombe. Mulikunywa?" Tulijibu njiani, tulijibu sokoni, tulijibu mpaka mlangoni mwa kanisa. Basi tujibu hapa mara ya mwisho ili tuendelee na kazi. Ndiyo, tulipelekwa kwenye nyumba ya divai. Mmoja wetu alionja kidogo. Mwingine alinusa tu akarudisha glasi, kwa sababu kanisa lake halimruhusu. Wenyeji hawakukasirika. Wote wawili tulitoka mule tukiwa wazima, na wote wawili tulitoka na fikra moja ambayo hatukwenda nayo. Fikra hiyo ndiyo tunaileta leo.

Munakumbuka vile mulitutuma. Marafiki zetu wa Valladolid walialika watu wawili waende kueleza kazi za shirika na kuzungumza juu ya depo mpya. Mukachagua mama mmoja wa kamati ya mawese na fundi mmoja wa matofali. Mukasema: "Murudi na jibu juu ya depo." Munajua pia kwamba sisi wawili, tulipoondoka hapa, tulikuwa upande wa jumba kubwa. Tulibeba ule mchoro kwenye mfuko, wenye nguzo nne mbele na jina la shirika juu ya mlango. Hatutaficha. Tulikwenda kuutetea.

Siku moja kabla ya kurudi, wenyeji wetu wakasema: "Mumeona ofisi zetu na mikutano yetu. Sasa muone kitu cha wakulima." Wakatupeleka Peñafiel, mji mdogo ulio kilomita 55 hivi mashariki ya Valladolid.

Kilima chenye meli juu yake

Peñafiel unauona kutoka mbali kwa sababu ya ngome yake. Ni ngome nyeupe ya mawe, ndefu na nyembamba, imekaa juu ya mgongo wa kilima. Urefu wake unapita mita 200. Sisi tuliorudi kwa maji tulitazamana tu, maana ilikuwa kama meli. Kama ile meli iliyotutoa Kigoma, lakini hii imekwama juu ya mlima na haina mtu wa kushusha.

Tulipanda kwanza mpaka kwenye ngome. Ndani yake leo kuna makumbusho ya divai ya jimbo lile. Kutoka juu unaona mto Duero na kijito chake, mashamba ya mizabibu, na paa za mji, zote za vigae vya udongo mwekundu. Katikati ya paa hizo tukaona paa tano za mviringo, zimelala sambamba, zimefunikwa vigae vya rangi ile ile. Mama wa mawese akasema: "Ni kama mapipa matano yamelazwa." Fundi akadhani ni ghala la zamani la mji. Kumbe ndiyo nyumba mpya tuliyokuja kuona, na ilimalizika mwaka 2008.

Mutazame jambo hili. Nyumba ilichorwa na Richard Rogers, mmoja wa wasanifu wakubwa wa majengo duniani, yule ambaye pamoja na Renzo Piano alichora Centre Pompidou ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1977, ile yenye mabomba yake yote nje. Mtu kama huyo angeweza kuja Peñafiel akasimamisha kitu cha kupiga kelele. Badala yake alijua kwamba kila mgeni atapanda ngome kwanza na kuitazama nyumba kutoka juu. Basi akaipa paa inayosalimiana na paa za majirani. Halafu wenyeji wakatuambia jambo jingine: Rogers alizaliwa Italia, na wazazi wake walimhamishia Uingereza akiwa mtoto mdogo, vita vya pili vya dunia vilipokuwa vinakaribia. Tukanyamaza kidogo. Mtoto aliyehama na wazazi wake, akafika mahali ambapo hajui lugha, akaja kuwajengea wengine. Vijana wa pale nyuma, hilo ni lenu.

Watu 11

Kabla ya kuingia kwenye nyumba nzuri, wenyeji walitupeleka chini ya kilima, ndani ya mwamba, mahali kazi ilipoanzia.

Chini ya ngome ile kuna njia zilizochimbwa, zaidi ya kilomita mbili zikijumlishwa. Unaingia kwa mlango wa kawaida, halafu unakuwa tumboni mwa mlima. Nje jua la Septemba lilikuwa linachoma. Ndani baridi, unyevu, na harufu ya mbao. Mapipa yamepangwa pande zote, kila moja lita 225, safu kwa safu, mpaka macho yanachoka. Fundi aligusa ukuta. Hakuna tofali. Ni mwamba wenyewe.

Kwa nini walichimba? Kwa sababu kule juu, karibu mita 750 kutoka usawa wa bahari, hali ya hewa ni kali. Kiangazi joto linapita nyuzi 30, kipupwe maji yanaganda. Divai haipendi kupandishwa na kushushwa. Lakini ukiingia ardhini vya kutosha, joto na baridi ya juu havikufikii, mwaka mzima ni karibu sawa. Wazee wa kule hawakuwa na mashine ya baridi wala umeme. Walikuwa na sururu, na walikuwa na akili.

Juu ya vilima vya sehemu ile utaona vibomba vya mawe vinatokeza kutoka ardhini, kama vyungu vilivyofunikwa. Wanaviita zarcera. Ni pua za mapango. Maji ya zabibu yakianza kuchacha yanatoa hewa nzito isiyo na rangi, inayokaa chini na kuua bila kelele. Wenzetu waliopitia Goma wanaijua kwa jina la mazuku. Hewa ni ile ile, kule inatoka kwenye ardhi ya volkeno, huku inatoka kwenye zabibu. Zamani mtu aliyeshuka kwenye pango wakati wa kuchacha alibeba mshumaa. Mshumaa ukizimika, anageuka na kukimbia. Vibomba vilijengwa ili pango lipumue. Mushike hilo la kupumua, tutalirudia tukifika kwenye mabati yetu.

Sasa tusikie watu wenyewe. Mwaka 1927 wakulima 11 wa mizabibu walikaa pamoja Peñafiel. Watu 11. Hapa kwenye benchi hili la mbele tuko na watu wengi kuliko hao. Kila mmoja alikuwa na zabibu zake, na walikubaliana kuzitengeneza mahali pamoja na kuziuza kwa jina moja. Divai yao wakaiita Protos, neno la Kigiriki lenye maana ya "wa kwanza". Nyumba yao wakaiita Ribera Duero, yaani ukingo wa mto Duero. Kama sisi tungesema "Kando ya Mutambala".

Hawakuanza na jumba. Walianza na zabibu, mapipa na makubaliano.

Miaka tisa baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia Hispania, kuanzia 1936 mpaka 1939. Vita vilipokwisha, karibu watu nusu milioni walikuwa wamevuka milima kuingia Ufaransa, na wengi waliwekwa kwenye kambi za mchangani kando ya bahari, katikati ya baridi. Mzee mmoja kati ya wenyeji wetu alituambia kwa utulivu kwamba katika familia yao pia kulikuwa na waliokimbia na waliobaki, na kwamba kwa muda mrefu hawakuzungumza mezani juu ya jambo hilo. Hatukuhitaji mkalimani wa kutueleza moyo wake. Tulikwenda tukidhani kwamba wao ni watu wa kutoa na sisi ni watu wa kukimbia. Kumbe kukimbia kulipita pia kwao.

Jina walilolitoa

Tunakuja kwenye jambo lililotuumiza kidogo, na lazima tuliseme.

Mwaka 1982 bonde lote lile lilipewa alama yake ya asili. Maana yake ni hii: mkulima yeyote wa bonde, akifuata kanuni zilizowekwa juu ya aina ya zabibu, kiasi cha mavuno na muda wa kungoja, ana haki ya kuandika jina la bonde kwenye chupa yake. Jina lililochaguliwa ni Ribera del Duero. Ndiyo, lile lile la nyumba ya watu 11. Nyumba ililiachia bonde zima jina lake, yenyewe ikabaki na la divai yake, Protos. Leo chupa za majirani na hata washindani wao zinabeba lile jina la kwanza.

Tulipotoka pale mama wa mawese aliuliza kwenye gari: "Sisi tungeweza?" Hakuna aliyejibu mpaka Valladolid.

Ndugu zetu, munajua tunazungumza juu ya nini. Shirika letu liliundwa na watu waliorudi. Tulipofika kutoka Nyarugusu na Lugufu tulikuwa na mabati machache, sufuria, na karatasi za HCR. Tulisaidiana kwa sababu hakuna mwingine aliyetujua. Hilo lilikuwa haki. Lakini mpaka leo kanuni yetu inasema mwanachama ni mtu aliyerudi, na jirani aliyebaki hapa wakati wote ule, akalala porini, akazika watu wake, huyo hawezi kupima mawese yake kwenye mizani yetu. Anatuita "watu wa Tanzania". Sisi tunamwita "wa humu humu". Mitende yake na mitende yetu inakunywa maji ya mto mmoja.

Nyumba mpya

Basi tuingie sasa kwenye nyumba nzuri, maana tunajua vijana wanaingoja.

Nje ni kioo, mbao na udongo. Ndani kuna matao makubwa ya mbao, hayana nguzo katikati ya kila upenyo. Fundi alisimama chini ya tao moja akakataa kusogea. Aliuliza, mti gani duniani unaota umepinda namna hii? Akaelezwa kwamba si mti mmoja. Ni mbao nyembamba nyingi, zimepakwa gundi, zimelazwa moja juu ya nyingine na kukunjwa pamoja. Ubao mmoja unauvunja kwa goti, zikishikana zinabeba paa. Hapo hatuongezi neno, kila mmoja ameshaelewa.

Juu ya matao kuna paa, na juu ya paa kuna vigae vya udongo vilivyoinuliwa kidogo, na kati yao upepo unapita. Jua linapiga kigae, kigae kinapata moto, upepo unachukua ule moto kabla haujashuka ndani. Ni paa juu ya paa. Vigae vile ni udongo uliochomwa, ndugu wa matofali yanayotoka kwenye matanuru yetu hapa.

Sakafu ya juu ni ya kazi: zabibu zinapokelewa, zinapondwa, zinachacha kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu. Hapo mtu anafanya kazi na kompyuta, anajua joto la kila tangi bila kupanda ngazi. Halafu unashuka. Chini ni zege (kambini tulisema zege, hapa munasema beto), na ardhi imekumbatia kuta pande zote. Mapipa yamelala gizani, kwenye ubaridi, kimya. Na hapo tukaelewa. Huyu msanifu mkubwa wa London, na hesabu zote za wahandisi wake, alifanya nini? Alirudi kwenye pango. Aliweka divai ardhini, kama wazee walivyoiweka. Tena wakachimba njia chini ya ardhi inayounganisha nyumba mpya na ile ya zamani. Mpya haikuivunja ya zamani. Imeshikana nayo mkono chini, mahali mgeni wa barabarani haoni.

Mwaka 2009 jengo hilo lilikuwa kati ya majengo sita yaliyoshindania tuzo kubwa ya usanifu ya Uingereza, ile ya Stirling. Halikuipata. Wakulima wakarudi kuvuna.

Muhesabu pamoja nasi. Watu 11 walianza 1927. Nyumba nzuri ilimalizika 2008. Miaka 81. Nyumba nzuri ilikuja mwisho.

Kungoja

Kabla ya kuondoka tuliuliza swali la watu wa mawese: "Munauza lini?" Na jibu ndilo lililotufunga mdomo.

Kule kuna kanuni. Divai wanayoiita crianza haiwezi kuuzwa kwa jina hilo kabla ya miaka miwili, na mwaka mmoja kati ya hiyo lazima ilale kwenye pipa. Ile ya reserva miaka mitatu. Gran reserva, miaka mitano. Sasa mkulima ana watoto wa shule kama sisi. Anapeleka zabibu Oktoba. Chupa inauzwa baada ya miaka. Katikati hapo anakula nini?

Hilo ndilo shirika linalofanya. Mkulima mmoja hawezi kungoja, njaa itamshinda. Atauza kwa yeyote anayefika na lori, kwa bei ya lori. Lakini wengi wakiweka pamoja, wakiandika kilo za kila mmoja, wakiwa na divai ya mwaka wa nyuma inayouzwa wakati ya mwaka huu inalala, wanaweza kungoja. Kitu kikubwa kuliko vyote ndani ya nyumba ile si matao. Ni muda. Matao yanafunika muda.

Na sisi? Mama zetu munajua kuliko sisi. Mawese yakiwa mengi, kila mtu anakamua, kila mtu anabeba bidoni zake za lita 20 mpaka bandarini siku moja, na mwenye mtumbwi mkubwa anacheka. Baada ya miezi michache mawese yanaadimika na bei inapanda, lakini hatuna tena kitu mkononi. Tunanunua kwa bei ya juu mafuta tuliyoyauza wenyewe kwa bei ya chini. Hatukosi mitende wala mikono. Tunakosa uwezo wa kungoja.

Mabati yetu

Tunajua mtu atasema: "Njo maana tunataka depo kubwa!" Tafadhali mutusikilize.

Depo tuko nayo moja. Iko kule juu ya barabara. Shirika moja, ambalo hatulitaji kwa sababu lilikuja kwa moyo mwema, lilitujengea miaka iliyopita. Mabati matupu juu, kuta bila matundu, dirisha moja dogo. Hakuna aliyetuuliza tutaweka nini ndani. Saa sita ya mchana ukiingia unatoka jasho kabla ya kusema jambo. Tuliweka mbegu za mahindi, zikafa. Tuliweka mawese, yakapata harufu. Sasa wanalala mbuzi wa jirani, na mbuzi wenyewe mchana wanatoka. Watu wakipita wanasoma kibao cha ufunguzi wanasema: "Hawa wako na depo nzuri."

Ule mchoro tulioubeba Hispania ulikuwa depo ile ile, ila kubwa zaidi na yenye nguzo. Fundi alikiri mwenyewe, usiku ule hotelini. Aliutoa mfukoni, akaukunja tena.

Wengine watasema basi tuchimbe, kama Peñafiel. Hapana. Sisi tuko karibu na ziwa. Ukichimba mita chache unakutana na maji, na mvua za hapa zitajaza shimo kabla ya Krismasi. Tukiiga sura yao tutajenga kisima. Tuchukue akili yao: nyumba ipoe yenyewe, ipumue, ijengwe kwa udongo wa mahali, na iwe kipimo cha mavuno yaliyopo.

Tunacholeta mbele yenu

Kwa hiyo sisi wajumbe wenu tunaleta mambo matatu. Ni mapendekezo. Nyinyi ndio wenye kukata.

La kwanza, tuanze na mizani na daftari. Kwa misimu miwili kila mwanachama apime mawese yake mbele ya watu wawili, na iandikwe. Hatujui leo tuna bidoni ngapi kwa mwaka. Tulikuwa tunaomba nyumba ya kuweka kitu ambacho hatujakihesabu. Wakati huo huo tutengeneze depo ya zamani kwa fedha kidogo: tufungue matundu chini na juu ili hewa ipite, tuinue paa ya pili juu ya mabati, ya vigae vya matanuru yetu au hata ya nyasi kwa kuanzia, tuache nafasi ya mkono mmoja katikati. Fundi amekubali kusimamia kazi hiyo bila malipo mpaka imalizike. Mumemsikia, muandike.

La pili, sehemu kubwa ya fedha za depo iwe mfuko wa kungoja. Mwanachama akileta bidoni, apate nusu ya bei ya siku ile, apeleke mtoto shuleni, anunue chumvi na sabuni. Bidoni ibaki. Bei ikipanda tunauza pamoja, analipwa iliyobaki, na mfuko unarudishiwa nusu yake kwa ajili ya msimu unaofuata. Hapa tunawageukia nyinyi wafadhili wetu, na tunajua tunaomba jambo gumu. Nyumba inapigwa picha. Mfuko haupigwi picha. Mukija kututembelea hatutakuwa na nguzo nne za kuwaonyesha, tutawaonyesha daftari. Lakini nyinyi wenyewe ndio mulitupeleka Peñafiel. Mulituonyesha kwamba wenzenu 11 hawakupewa matao siku ya kwanza. Msituhurumie kwa kutupa mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo wake.

La tatu ni lile la kwenye gari. Tubadilishe kanuni ya uanachama. Mkulima yeyote wa bonde hili, aliyerudi na aliyebaki, akikubali kupima na kungoja pamoja nasi, aingie. Tunajua kuna waliokaa hapa leo ambao mashamba yao waliyakuta yamelimwa na wengine, na kesi haijaisha. Hatusemi kesi ife. Kesi iende kwa wazee na kwa wenye sheria. Tunasema tu kwamba mizani isiwe mahakama. Mzee wa Valladolid alituambia kwao walinyamaza mezani miaka mingi. Sisi tusingoje hivyo. Huko ni kungoja kubaya.

Na kama siku moja jina letu litakuwa la bonde zima, hata la watu wasiotujua, hatutakuwa tumeibiwa.

Mwisho, ile chupa. Wenyeji walitupa zawadi ya chupa moja ya Protos. Mwenye kuonja alitaka kuileta nzima, mwenye kunusa akasema italeta maneno. Tuliifungua mezani Valladolid pamoja na wenyeji, ikaisha hukohuko, na chupa tupu ndiyo hii hapa mezani. Tumeijaza mawese ya msimu huu, ya kwa mama wa kamati, na kizibo ni kile kile. Tunaomba ikae ofisini, mahali pa ubaridi, mpaka mkutano mkuu ujao. Tutaifungua mbele yenu wote, tuyanuse pamoja. Yakiwa mazuri, tumejifunza kungoja. Yakiwa mabaya, tutajua depo bado haipumui, na fundi atapanda tena juu ya paa.

 Mungu atulinde.

Wajumbe wenu wawili